Je, wajua kwa nini kuponi moja ilidai programu nzima kwenye kompyuta?

Mtu anayetaka kuchapa barua au tiketi ya ndege hubofya alama ya printa, karatasi ikatoka na shughuli ikaisha. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi, mnunuzi wa Marekani aliyetaka kuchapa kutoka intanetini kuponi ya kumpunguzia senti 50 kwenye boksi la nafaka za asubuhi alisimamishwa njiani na kuambiwa asakinishe kwanza programu maalumu. Ni haki kuuliza kivinjari chenye uwezo wa kuchapa kitabu kizima kilishindwaje na kipande cha karatasi kisichozidi ukubwa wa bahasha. Ukweli ni kwamba hakikushindwa. Programu ile haikuwekwa ili kuwezesha uchapaji. Iliwekwa ili kuuwekea mpaka.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kuponi itazamwe kwa jicho la anayeilipia. Kuponi ya kiwanda ni mfano wa hawala ndogo: duka humpunguzia mteja bei, kisha hukusanya vipande vyote na kuvipeleka kwa wakala wa uhakiki, na mwenye kiwanda hulirudishia duka thamani iliyoandikwa pamoja na ada ya usumbufu ambayo kwa kawaida ni senti 8 kwa kila kipande. (Anayesoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya kuponi za Marekani atakutana mara nyingi na anwani ya Del Rio, mji wa Texas ulio mpakani mwa Mexico, kwa kuwa kazi ya kuhesabu na kuchambua vipande hivyo imejikita katika ukanda huo.) Kuponi inapotoka katika gazeti la Jumapili, kiwanda kinajua nakala ngapi zimechapwa na kinaweza kukadiria hasara yake ya juu kabisa. Ikiwekwa kwenye intaneti kama ukurasa wa kawaida, mtu mmoja aweza kuchapa 300 kabla ya chakula cha mchana, na mwenye fahamu kidogo ya kuhariri picha aweza kugeuza senti 50 kuwa dola 5. Keshia hana namna ya kutambua, kwa kuwa mashine yake husoma msimbo wa mistari tu, na udanganyifu hugundulika baada ya wiki kadhaa, wakati mteja ameshaondoka na mzigo wake.

Kampuni zilizoshika biashara hii, na iliyojulikana zaidi ni Coupons, Inc. ya California iliyoanzishwa mwaka 1998, zililazimika basi kujenga kitu chenye kutimiza sharti moja gumu: kila kompyuta ichape kila kuponi mara chache tu, kwa kawaida mara mbili, na isisahaulike hata mwenyewe akifuta historia ya kivinjari chake. Vidakuzi, yaani vijifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha ndani ya kivinjari, visingefaa, maana hufutika kwa kubofya mara moja. Dawa ikawa programu inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, ikaipa mashine nambari yake ya utambulisho, ikaiandika nambari hiyo ndani ya diski, ikawasiliana na seva ya kampuni kila mtumiaji anapoomba kuchapa, na mwishowe ikaiamuru printa moja kwa moja bila kukionyesha kivinjari picha ya kuponi. Ndiyo sababu haikuwezekana kuihifadhi kuponi kama faili la kawaida, na ndiyo sababu kila karatasi ilitoka na nambari yake ya pekee, ambayo kampuni ingeweza kuifuatilia hadi kwenye kompyuta iliyoichapa.

Hapo ndipo wasiwasi wa faragha unapozaliwa, na kwa maoni yangu haukutokana na uzembe wala tamaa ya ziada, bali ulikuwa ndani ya kazi yenyewe. Programu hiyo ilikuwa kama mlinzi aliyewekwa nyumbani kwako na mtu mwingine, kwa faida ya mtu mwingine, naye hawezi kuifanya kazi yake vizuri iwapo unajua alipolala na unaweza kumfukuza.

Ushahidi wa jambo hilo ulitolewa mwaka 2007 na Ben Edelman, mtafiti wa Harvard aliyekuwa akichunguza programu za ujasusi na za matangazo. Alionyesha kwamba programu ya Coupons, Inc. ilikuwa ikiweka ndani ya kompyuta mafaili na kumbukumbu za sajili ya Windows (daftari la ndani la mipangilio ya mfumo huo) zenye majina yaliyofanana na ya mfumo wenyewe. Mojawapo liliitwa WindowsShellOld.Manifest.1, na likakaa katika folda ileile yenye faili halali la Microsoft liitwalo WindowsShell.Manifest. Mtu wa kawaida akiyaona hayo mawili asingethubutu kuligusa hata moja, akihofia kuiharibu kompyuta yake. Lililowaudhi wengi zaidi ni kwamba mtumiaji alipoiondoa programu kwa njia rasmi, alama hizo zilibaki palepale. Kwa kampuni, kubaki kwake kulikuwa na mantiki: kama kuondoa na kusakinisha upya kungetosha kuanza hesabu mpya, kikomo cha kuponi mbili kisingekuwa na maana. Kwa mwenye kompyuta, lakini, neno “ondoa” lilikuwa limegeuzwa maana bila yeye kuambiwa.

Mwaka huohuo suala likafika mahakamani. Mkazi mmoja wa California alieleza hadharani jinsi ya kufuta alama hizo na akatoa programu ndogo ya kuifanya kazi hiyo, kampuni ikamshitaki katika mahakama ya shirikisho kwa kutumia sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja vizuizi vya kiteknolojia vinavyolinda kazi zenye hakimiliki. Msomaji aitafakari hoja hiyo kwa utulivu. Kufuta faili lisilotakiwa katika kompyuta uliyoinunua kwa fedha zako ni jambo ambalo hakuna anayeliona kuwa kosa. Hata hivyo, faili hilo likitazamwa kama sehemu ya kufuli linaloilinda kuponi, nayo kuponi ikihesabiwa kuwa kazi yenye hakimiliki, kulifuta kunaanza kufanana na kuvunja mlango. Pande mbili zilipatana mwaka 2008 na shauri likaisha bila mahakama kulitolea hukumu swali lenyewe.

Upande wa usalama una sura nyingine. Programu jalizi ya namna hii, yaani inayoungwa kwenye kivinjari ili kukiongezea uwezo, ni daraja kati ya tovuti na vifaa vya kompyuta, na daraja halimchagui mpitaji. Tovuti ya kuponi ikiweza kuiita programu ili isome nambari ya mashine au iifikie printa, tovuti nyingine nayo huenda ikaweza kuiita, endapo waandishi wa programu hawakuweka ukaguzi wa kutosha wa nani anayeita. Zipo huduma zilizotegemea Java, jukwaa la kuendeshea programu ndani ya kivinjari, badala ya programu yao wenyewe, na watumiaji wake walilazimika kuiacha Java ikiwa wazi kwenye vivinjari vyao kwa ajili ya akiba ya senti, hata Januari 2013, wakati Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilipowashauri watu waizime kwa sababu ya kasoro iliyokuwa tayari ikitumiwa na wahalifu. Zaidi ya hapo, mtu aliyezoea kusakinisha kitu kila anapoahidiwa punguzo huwa mawindo mepesi ya programu bandia zinazojiita wasaidizi wa manunuzi.

Karatasi yenyewe pia haikuwa bubu. Aprili 2010 gazeti la New York Times lilieleza kwamba msimbo wa baadhi ya kuponi za intaneti uliweza kubeba taarifa za aliyeichapa, zikiwamo maneno aliyoyatafuta kwenye mtandao kabla ya kuifikia kuponi hiyo, hivi kwamba alipoikabidhi dukani, safari yake ya siri kwenye kompyuta iliungana na manunuzi yake ya ana kwa ana.

Programu hizo hazikung’olewa na wateja waliolalamika. Zilidhoofishwa na vivinjari: Chrome ilipoacha kabisa kuzikubali programu jalizi za aina ya NPAPI, mfumo wa zamani wa kuziunga na kivinjari, mwaka 2015, na Firefox ikafuata mwaka 2017 isipokuwa kwa Flash, ile ya kuonyeshea video na michezo, njia waliyoizoea wachapaji wengi wa kuponi ilizibwa. Nafasi yake imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na kuponi zisizochapwa, ambazo mteja huzichagua kwenye simu na kuziambatisha kwenye kadi yake ya duka. Diski yake sasa haina faili lililojificha, lakini anapoitaja nambari yake ya simu kwa keshia ili apunguziwe senti 50, kinachoandikwa chini ya jina lake si ile kuponi peke yake, ni kila kilichomo kapuni, pamoja na dawa ya kikohozi na nepi za mtoto.