Piko ikikukataa: maswali na majibu

Msimu wa harusi ukianza Lamu na Malindi, huja na mikono iliyovimba kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua ngozini. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana.

Nilipakwa piko kwa harusi ya mdogo wangu. Siku ya pili maua yakaanza kuwasha, sasa yameinuka na kutoa malengelenge. Ni uchafu wa maji?

Siyo. Uchafu haufuati mchoro. Malengelenge yakisimama juu ya ua jani kwa jani, na ngozi ya katikati ikabaki salama, huo ni mzio wa kitu kilichogusa ngozi. Mshukiwa wa kwanza ni PPD, kemikali iliyomo kwenye rangi nyingi nyeusi za nywele. Piko yetu ya Pwani mara nyingi ni rangi hiyo hiyo ya nywele, unga uliokorogwa kikombeni. Imetengenezwa ikae kwenye nywele kwa muda mfupi kisha ioshwe, si iachwe ikaukie mkononi. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 kwenye rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, na hauruhusu ipakwe ngozini. Rangi nyeusi za kuchorea ngozi zilipopimwa maabara, kuna zilizokutwa na zaidi ya asilimia 15.

Mbona Idi iliyopita nilipaka piko hiyo hiyo, kwa mchoraji huyo huyo, na sikudhurika?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndipo wachoraji wanaposingiziwa kuwa wamebadilisha unga. Mara ya kwanza kinga ya mwili huwa inakitambua kitu tu. Huenda usione lolote, au uanze kujikuna wiki moja au mbili baadaye, maua yakiwa yanafifia. Ukirudia, mwili unakijua. Siku 1 hadi 3 zinatosha. Kwa hiyo "mimi nimezoea piko" si kinga, maana kila kupaka ni nafasi nyingine ya mwili kuikataa. Na ukishaikataa, kwa kawaida ni kwa maisha yako yote.

Daktari atajuaje kwa hakika?

Kwanza kwa kutazama na kuuliza. Chukua pakiti ya unga uende nayo, hata kama ni tupu. Vitabu vingi vya tiba vinasema ngozi yenye mzio huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi huonekana kama weusi uliokoza, zambarau au kijivu. Basi usiseme tu "imebadilika rangi". Sema inawasha, ina joto, na ukipitisha kidole unahisi imeinuka.

Kipimo chenyewe ni cha zamani: Josef Jadassohn alikieleza mwaka 1895. Vibandiko vyenye kemikali kidogo huwekwa mgongoni, PPD ikiwa asilimia 1 ndani ya vaselini. Hutolewa baada ya saa 48, ngozi ikatazamwa, kisha hutazamwa tena siku mbili hivi baadaye, kwa sababu mzio huu huchelewa. Hakifanywi ngozi ikiwa bado imechachamaa. Usikitarajie kwenye zahanati. Hospitali ya King Fahd hapo Lamu au ile ya Malindi ndiyo pa kuulizia rufaa ya daktari wa ngozi. Kujipima nyumbani kwa kupaka piko nyuma ya sikio sikushauri, kwani tone hilo nalo laweza kuamsha mzio usiokuwepo.

Kwa sasa nifanye nini?

Osha kwa maji na sabuni isiyo kali. Usisugue kwa ndimu, usitumbue malengelenge. Weka kitambaa cha maji baridi. Daktari huandika krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, na hali ikiwa mbaya, vidonge vya prednisoloni kwa muda mfupi. Vidonge vya mzio vya dukani hupunguza mwasho kidogo tu. Antibiotiki ni pale penye usaha. Krimu ya jirani iache: kama kumbe tatizo ni fangasi, steroidi itauficha huku ukienea.

Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, uende hospitali saa hiyo hiyo. Aliyeko kisiwani, Pate au Faza, asingoje boti ya asubuhi.

Baka jeusi au jeupe laweza kubaki miezi kadhaa.

Na hina yenyewe?

Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia, hutaka saa kadhaa, na hukoza siku ya pili. Nyeusi ti kwa nusu saa? Hiyo si hina, hata koni iandikwe hina. Mzio wa hina safi ni nadra.

Ila watoto wachanga wasipakwe. Pwani yetu ina watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; ni hali ya kurithi iliyochunguzwa sana Kilifi kwa sababu ya uhusiano wake na malaria. Kwa mtoto wa namna hiyo, hina ikipenya ngozini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Macho ya manjano au mkojo mweusi ni dharura.

Baba hupaka ndevu rangi. Mimi piko imenikataa. Je, nami nitaweza kupaka mvi zangu?

Si kwa rangi yenye PPD. Kichwani mzio mara nyingi huanza kwenye kope, masikio na shingo, hata ngozi ya utosi ikiwa haijaonyesha kitu. Soma pakiti: "haina amonia" si sawa na kusema haina PPD. Mwambie pia daktari wa meno, kwa sababu benzokaini, ile dawa ya kupaka ya kutia ganzi, ina undugu na PPD. Lignokaini ya sindano haina.