Ubaguzi wa mazoea ni nini, na kwa nini mzazi usicheke nao

Ukitaja ubaguzi wa rangi watu wengi akili inaenda kwa makaburu, mabango ya "weupe tu", mtu kafukuzwa mlangoni kisa ngozi. Huo unaonekana. Ubaguzi wa mazoea ni ule unaokuja na kicheko, anausema mtu mnayesalimiana naye kila siku na wala hana roho mbaya, ukimuuliza anakwambia aah, si natania tu.

Mfano, tuko kwenye besdei, watoto wamepangwa wapigwe picha, mama mmoja kashika simu anamwambia wangu wa miaka sita, "wewe cheka basi tuone meno, la sivyo hutaonekana". Watu wazima wakacheka wote. Na yeye akacheka, ila huku ananiangalia mimi, na picha iliyofuata kaziba mdomo na mkono.

Wataalamu wanaita maikroagresheni. Neno alilitunga Chester Pierce, daktari wa akili Mmarekani mweusi aliyefundisha Harvard, mwaka 1970. Hiyo "maikro" isikuchanganye, siyo kwamba haiumi, hoja yake ni kwamba moja moja inaonekana si kitu lakini zinarundikana, leo meno, kesho mtu kaingiza vidole kwenye nywele za mtoto bila kuomba, keshokutwa anaulizwa "kwenu hasa ni wapi" wakati kazaliwa hapohapo.

Na sifa je? Mi naona hizo ndo mbaya zaidi, maana huna pa kushikia. "Mweusi lakini mzuri." Hiyo "lakini" imefuata nini pale?

Usijipe moyo kwamba mtoto haelewi. Kenneth na Mamie Clark, mke na mume wanasaikolojia, miaka ya 1940 waliwapa watoto weusi wa Marekani wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya. Wengi wakamsifia mweupe, afu likaja swali la yupi anafanana na wewe na baadhi wakalia. Utafiti huo ulitajwa mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipopiga marufuku kutenga shule kwa rangi. Sidhani kama kuna mzazi aliyewakalisha chini kuwafundisha hayo, waliyaokota tu kwenye maisha.

Sasa unafanyaje, maana ukiwaka unaambiwa una hasira, ukinyamaza mtoto anajua umekubali. Mimi niliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "sijaelewa, hapo kinachochekesha ni nini?" Yule mama akaanza kueleza, akafika katikati akakwama, "si unajua tu..." Nikasema hapana sijui. Basi kimya, mtu akaongeza mziki.

Baadaye nikaambiwa ningemvuta pembeni tukaongea kiutu uzima. Mwanangu lakini alisemwa mbele za watu, kwa hiyo nikienda kunong'ona huko nyuma yeye anajuaje kama katetewa? Pembeni tulienda kweli, ila mwishoni, na yule mama akaniomba radhi, akanishika na mkono. Nikamwambia dada, mwenye kuombwa yule pale anacheza mpira.