Somo la laivu ni nini hasa, na linamsaidiaje mwalimu

Somo la laivu, au mubashara, ni kipindi kinachorushwa kwa intaneti muda uleule mwalimu anapofundisha, na mwanafunzi aliye mbali anaweza kuuliza akajibiwa kabla kipindi hakijaisha. Hiyo nafasi ya kuuliza ndo kila kitu. Video iliyorekodiwa juzi ikawekwa YouTube ni nzuri ila sio laivu, na yale masomo ya redio na TV ya 2020 shule zilipofungwa Machi kwa ajili ya korona yalisaidia sana, lakini wengi walikuwa wanasikiliza tu, ukiachwa ndo umeachwa.

Chukulia shule ya kata huko Chemba au Kongwa haina mwalimu wa kemia. Mwalimu yuko Dodoma mjini anafanya taitresheni, yaani jaribio la kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi rangi ibadilike, simu iko kwenye stendi imeelekezwa kwenye bureti, ile mirija ya vipimo inayodondosha, darasa zima linaona tone linavyodondoka na rangi inavyogeuka, kitu ambacho hata ukiwa ndani ya maabara yenyewe kama umesimama nyuma hukioni maana mbele kumejaa vichwa. Hapo laivu inalipa kabisa. Lakini mwalimu kusoma slaidi saa nzima, hapana, hizo angezituma tu WhatsApp.

Sasa kuna suala la picha kuchelewa, na hili walimu wengi hawaambiwi. YouTube kwenye mpangilio wa kawaida picha inaweza kufika imechelewa hata nusu dakika, kwa hiyo ticha anauliza "mmeelewa?", anaona kimya, anasonga mbele, kumbe kule ndo kwanza swali linawafikia na wakija kujibu yeye yuko mada nyingine. Upo mpangilio wa kupunguza huko kuchelewa ila mtandao ukiwa dhaifu picha inakwama zaidi, so bora uulize swali halafu uendelee kuchora au kurudia hatua huku unasubiri majibu. Kwa kundi dogo la kujibizana Zoom au Google Meet ziko haraka zaidi.

Na kule darasani lazima awepo mwalimu, hata kama ni wa historia. Yeye ndo anaona nani kakunja uso, anakusanya maswali, anayaandika kwenye chati, yaani ile sehemu ya kuandikiana ujumbe wakati wa laivu, na waacheni watoto waulize kwa Kiswahili hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza, maana mtoto ana swali zuri kabisa anakaa nalo kwa kuogopa sarufi. Anayedhani laivu itaondoa mwalimu darasani hajaielewa bado.

Bando lisiwatishe sana, darasa zima linatumia kompyuta moja na projekta, na ubora wa picha wa chini kidogo, 360p, unatosha kama maandishi ubaoni ni makubwa. Pesa wekeni kwenye maiki, sauti mbovu inaua somo haraka kuliko picha mbovu. Umeme ukikatika rekodi huwa inabaki kwenye chaneli, wataangalia baadaye na maswali wayatume kwa kipindi kinachofuata.

Kwa anayeanza: kurusha laivu YouTube kwa simu chaneli inatakiwa iwe na wafuatiliaji angalau 50, na ukiomba mara ya kwanza kuruhusiwa kunaweza kuchukua hadi saa 24, usiombe asubuhi ya kipindi. Walimu wa msingi nao wajue video ikiwekwa alama ya maudhui ya watoto chati inafungwa, hapo maswali yapitishieni kwenye simu ya mwalimu aliye darasani.