Joto la kofia ya sufu liko kwenye hewa, si kwenye unene wa uzi

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu kufuma vitu vya baridi ni unene wa uzi. Wengi wanaamini uzi ukizidi kuwa mnene ndivyo kofia inavyozidi kupasha joto. Basi mtu ananunua madonge ya uzi mnene kupita yote, anachukua sindano za milimita 12, na siku mbili hazijaisha skafu iko shingoni. Kwa macho inapendeza. Siku upepo ukivuma, unapita humo kama maji kwenye chekeche.

Uzi hauzalishi joto. Joto ni la mwili wako, na kazi ya sufu ni kulichelewesha lisitoke. Inafanya hivyo kwa kushika hewa: nywele za kondoo zimejikunja-kunja, hazilali pamoja zikabanana, kwa hiyo kati yake hubaki vijinafasi vingi vya hewa iliyotulia. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole mno. Ikianza kusogea, inaondoka nalo. Ndiyo maana kitambaa kinachoshika hewa nyingi lakini kina matundu makubwa hakikusaidii nje. Mimi hutumia uzi wa unene wa kati na sindano ndogo kidogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye lebo. Kipimo changu ni rahisi: inua kitambaa mbele ya taa. Ukiona mwanga katikati ya kila kitanzi, hicho ni cha kuvaa ndani ya nyumba.

Kuhusu aina ya uzi sina unyenyekevu sana. Pamba siitumii kwa baridi. Ikinyonya jasho inakuwa nzito, inalala kwenye ngozi na kukupoza. Akriliki, yaani uzi wa plastiki, ni nyepesi na inafulika kirahisi, lakini hainyonyi unyevu, kwa hiyo mtu anayetembea haraka hutota jasho ndani ya kofia. Sufu inaweza kunyonya mvuke wa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umajimaji, na wakati inanyonya hutoa joto kidogo. Alpaka, sufu ya mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia, ni laini na ina joto sana, ila haina msukumo wa kurudi kama sufu ya kondoo. Kofia ya alpaka tupu huanza ikiwa imekaa vizuri, mwishowe inashuka hadi kwenye nyusi. Ichanganye na sufu.

Wanaolalamika kwamba sufu inawasha hawadanganyi, lakini mara nyingi si mzio. Ncha za nywele zenye unene wa zaidi ya takriban maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hazipindi zikigusa ngozi, zinachoma. Sufu ya kondoo wa Merino huwa chini ya maikroni 24, ndiyo sababu inavumilika kwenye paji la uso na shingo. Kwa glavu huhitaji uzi laini hivyo; sufu ngumu kidogo hudumu zaidi viganjani.

Sasa kofia, maana hapo ndipo hesabu inapowatesa watu. Tuseme kichwa kina mzunguko wa sentimita 56. Kofia isifumwe 56, ifumwe 52 hivi, ivutike kidogo ili ishike. Fuma kwanza kipande cha majaribio, kioshe, kikaushe, ndipo uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Ukipata 20, unahitaji vitanzi 104. Naipenda namba hii kwa sababu inagawanyika kwa 4, kwa hiyo ukingo wa vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma unakutana bila kubaki kitu, na inagawanyika kwa 8, kwa hiyo utosi unajifunga vizuri: mafungu nane ya vitanzi 13, unapunguza kimoja katika kila fungu, mzunguko mmoja unapunguza, mmoja unafuma tu, hadi vibaki vitanzi nane vya kupitishia uzi na kuukaza.

Anayeruka kipande cha majaribio anacheza kamari. Mkono ukilegea ukapata vitanzi 18 badala ya 20, vitanzi vilevile 104 vinatoa karibu sentimita 58, na kofia inafunika macho. Ukibana ukapata 22, unapata sentimita 47, na anayeivaa ataumwa kichwa. Tofauti ni vitanzi viwili tu, vidogo hata jicho halivioni.

Ukingo ufume mrefu, sentimita 12 hadi 14, ili ukunjwe mara moja juu ya masikio. Hapo kuna tabaka mbili na hewa katikati, mahali penyewe panapouma kwa baridi. Kuanzisha vitanzi kusiwe kwa kubana. Ukishindwa kulegeza mkono, tumia sindano kubwa zaidi kwa mstari huo wa kwanza peke yake. Kofia nyingi zinazoachwa kabatini zina mwili mzuri tu, tatizo ni mstari wa mwanzo uliobana kama waya.

Glavu ni somo refu. Kwa baridi kali acha zile za vidole vitano. Fuma za mfuko, yaani kidole gumba peke yake na vinne vikikaa pamoja, kwa sababu vidole vinavyogusana hugawana joto, na eneo la kupoteza joto linapungua. Watu wa nchi za baridi wamelijua hili siku nyingi, na mbinu zao zote zinarudi kwenye hewa ileile. Huko Selbu, Norwei, ambako Marit Emstad anakumbukwa kwa glavu zake za rangi mbili za mwaka 1857, uzi usiotumika mbele unapita nyuma ya kitambaa, na hivyo glavu inapata tabaka la pili bila kushonewa bitana. Angalizo: uzi huo wa nyuma ukipita zaidi ya sentimita tatu bila kunaswa, vidole vitaukwaa kila unapovaa. Kule Newfoundland na Labrador, Kanada, wanafumia ndani vishungi vya sufu ambayo haijasokotwa, vikae upande wa ndani unaogusa mkono. Na Erika Aittamaa wa Lovikka, Uswidi, mwaka 1892 alizifua na kuzichana glavu zake nene hadi zikatoa manyoya.

Kwako unayeanza, la muhimu ni kifundo cha mkono. Ukingo uwe na urefu wa sentimita 7 au 8 uingie chini ya mkono wa koti. Ukiwa mfupi, upepo unaingia hapo na kazi yote ya juu inapotea. Kisha kidole gumba: usikitoboe tu ubavuni. Anza kuongeza vitanzi viwili kila baada ya mizunguko miwili au mitatu kuanzia juu ya kifundo, ili kitambaa kipanuke pamoja na nyama ya kiganja. Bila hivyo glavu huvuta kila ukishika kitu, na panapochanika huwa ni hapo kwenye shina la gumba.

Skafu sitaisema sana. Ni ndefu, inachosha, na nusu yake inaning'inia kifuani bila kazi. Bomba la shingo lililofumwa kwa mviringo, lenye urefu wa kutoka kidevuni hadi mfupa wa bega, linakula uzi mchache na haliachi mwanya.

Mwisho ni kufua. Nywele za sufu zina magamba, na maji ya moto, sabuni na kusugua huyafanya yakamatane. Kofia ya mtu mzima inatoka na saizi ya mtoto na hairudi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, bonyeza bila kusugua, viringisha ndani ya taulo kutoa maji, kisha laza bapa ikauke. Usiitundike, itarefuka. Msimu ukiisha, usihifadhi kitu kichafu: viwavi vya nondo hula sufu, na huvutiwa zaidi na iliyobeba jasho na mafuta ya ngozi. Ioshe, ikauke kabisa, uifunge kwenye mfuko usio na upenyo.