Kabla ya Kukata Viwanja, Tazama Bondeni

Kila nikiletewa ramani ya viwanja vipya, macho yangu hukimbilia sehemu ya chini kabisa ya eneo. Barabara zimechorwa, shule ipo, msikiti na kanisa vimetengewa nafasi, hata soko halikusahauliwa. Kule bondeni, ambako maji ya mtaa mzima yangeteremka yenyewe, mara nyingi nakuta viwanja vya bei nafuu vimeshauzwa. Nikiuliza majitaka yatakwenda wapi, jibu ni lilelile: kila mtu atachimba karo lake, yaani shimo la majitaka la nyumba yake.

Karo si kitu kibaya. Nyumba moja kwenye eka mbili inatoshwa kabisa na karo lililojengwa vizuri, na sioni sababu ya kumwambia mwenye nyumba hiyo alipie bomba. Shida huanza nyumba zikibanana. Maji yanayotoka kwenye karo hayajawa salama. Yameacha tope na mafuta tu, kisha yanazama ardhini yakiwa na vijidudu vyake. Nyumba 200 zikifanya hivyo jirani na visima vifupi, udongo unazidiwa. Masika yakifika, maji ya ardhini yanapanda, mashimo hayanyonyi tena, na wapo wanaongoja mvua kubwa ya usiku watapishe vyoo mtaroni. Wakazi wa Dar es Salaam wanaujua mchezo huo siku nyingi. Miji midogo nayo imeanza kuuiga.

Tuchukue mtaa huo wa nyumba 200, kila moja na watu watano. Mtu akitumia lita 80 kwa siku, karibu lita 64 zitarudi kama majitaka. Watu 1,000 wanatoa lita 64,000 kila siku, yaani meta za ujazo 64. Kiasi hicho ni kidogo, hakihitaji mtambo wa jiji wala mashine za kuagiza ng'ambo. Kinahitaji mteremko, bomba na eneo.

Bomba lenyewe si lazima liwe lile kubwa linalochimbiwa katikati ya barabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kaskazini-mashariki mwa Brazili, wahandisi walianza kulaza mabomba madogo kwa kina kifupi, yakipita nyuma ya nyumba na chini ya njia za miguu, mahali ambapo magari hayapiti. Bomba la inchi 4 linatosha nyumba nyingi kuliko watu wanavyodhani. Gharama ya kuchimba inashuka sana, ila majirani wakubali bomba la wenzao lipite uani kwao, na hapo mwenyekiti wa mtaa ana kazi kubwa kuliko mhandisi.

Yakifika bondeni, majitaka yana njia mbili zinazofaa mji mdogo. Ya kwanza ni matangi ya chini ya ardhi. Maji hutulia kwanza, tope likazama. Kisha yanapitishwa kwenye vyumba vilivyofuatana, kila chumba kikiyalazimisha kushuka chini ya ukuta na kupanda tena kupitia tope lenye bakteria wanaokula uchafu. Mwisho yanapita polepole kwenye kitanda cha changarawe kilichopandwa matete. Hakuna pampu humo. Tanesco wakikata umeme, kazi inaendelea.

Njia ya pili ni mabwawa, na kwa joto letu sijaona kinachoyashinda pale ardhi inapopatikana. Bwawa la kwanza lina kina kirefu na halina hewa. Tope huozea humo. La pili lina kina cha meta moja na nusu hivi na linatakiwa kuwa kijani, kwa sababu mwani unaoota juu ndio unaotoa oksijeni kwa bakteria. Ya mwisho yana kina kifupi ili jua lifike chini. Mchana mwani ukifanya kazi, maji hupoteza tindikali kiasi cha kuua vijidudu vingi, na mayai ya minyoo huzama kwa sababu maji yamekaa siku za kutosha. Kwa makadirio ya haraka, tenga meta za mraba 2 hadi 3 kwa kila mtu, kingo zikiwemo, na umbali wa angalau meta 200 kutoka nyumba ya mwisho, upande upepo unakokwenda. Meta 500 ni bora zaidi.

Umbali huo ulindwe kwa hati, maana ukitegemea heshima utaupoteza. Ukienda Vingunguti, Dar es Salaam, utaona makazi yalivyoyasogelea mabwawa. Mabogini, nje kidogo ya Moshi, wakulima wa mpunga wametumia maji yaliyopita mabwawani, na ndiyo maana kipimo cha mwisho si jambo la kupuuza: kiwango cha Tanzania cha maji yanayoachiwa kwenye mazingira hakiruhusu BOD, yaani oksijeni inayohitajika kumalizia uchafu, kuzidi miligramu 30 kwa lita. Majitaka ghafi ya mtaa unaotumia maji kwa kubana huweza kupita 500.

Mitambo hii haifi kwa uzee. Huuliwa na vitu tunavyovifungulia njia wenyewe.

Juzi tulifungua chemba, yaani tundu lenye mfuniko la kukagulia bomba, iliyokuwa ikifurika kila wiki. Fundi aliingiza fimbo, akavuta, ukatoka upande mzima wa kanga uliojiviringisha na pampasi tatu. Chini yake kulikuwa na mafuta ya kukaangia yaliyoganda meupe kama sabuni ya mche, na chini ya mafuta, ndoo mbili za mchanga. Mama mwenye nyumba alishangaa, "Mchanga umetoka wapi, baba, mbona hatujajenga?" Ulitoka kwenye sinki lake la nje, anakosugulia sufuria kwa mchanga na majivu kila jioni. Tukamwonyesha aweke kipande cha wavu na kishimo kidogo cha kutulizia kabla maji hayajaingia bombani.

Adui mkubwa zaidi ni bati la nyumba. Watu huunganisha mabomba ya mvua kwenye chemba ili ua usijae maji. Paa la meta za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linashusha lita 5,000. Nyumba hiyohiyo inatoa lita 320 za majitaka kwa siku, hivyo mvua moja imeingiza mzigo wa zaidi ya wiki mbili kwa saa chache. Bakteria waliolelewa miezi kadhaa kwenye vile vyumba wanasombwa wote kwenda mtoni. Maji ya mvua yana mtaro wake.

Tope nalo lina siku zake. Tangi la kutulizia linyonywe tope likifika theluthi moja ya kina, kwa kawaida kila miaka miwili au mitatu. Kupima hakuhitaji maabara: fimbo ndefu iliyozungushiwa taulo jeupe, izamishwe hadi chini, iachwe dakika chache, itolewe taratibu. Weusi kwenye taulo unakuonyesha tope limefika wapi. Fedha za gari la kunyonya ziwemo kwenye ankara ya kila mwezi tangu mwanzo, maana kuchangishana siku tangi limeshafurika sijaona kukifanikiwa.

Kwa wanaoishi karibu na mabwawa, rangi inatosha kuwa kengele. Bwawa la pili likiwa kijani, liacheni lifanye kazi. Likigeuka waridi au zambarau, mzigo umelizidi na bakteria wengine wametawala. Msingoje harufu, pigeni simu ofisi inayosimamia mabwawa siku hiyohiyo.