Matone na Vumbi: Rada na Laida Zinavyofichua Upepo Hatari kwa Ndege

Katika kazi yangu ya kuchunguza upepo karibu na viwanja vya ndege, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: ikiwa upepo hauonekani, mashine inauonaje? Ukweli ni kwamba mashine haiuoni upepo wenyewe, bali huona vitu vilivyobebwa nao, na hapo ndipo tofauti kati ya rada na laida inapoanzia.

Rada hutuma mawimbi ya redio, ambayo hurudishwa hasa na matone ya mvua. Laida hutuma mwanga wa leza usioonekana kwa macho, unaorudishwa na chembe za vumbi na chumvi zinazoelea hewani. Zote mbili hutegemea athari ya Doppler: chembe inaposogea kuelekea chombo, masafa ya wimbi linalorudi (idadi ya mitetemo yake kwa sekunde) huongezeka, na inapokwenda mbali hupungua.

Rada za viwanjani zilipata msukumo mkubwa baada ya ajali ya ndege huko Dallas/Fort Worth, Marekani, tarehe 2 Agosti 1985, iliyoua watu 137. Chini ya wingu la radi, hewa huporomoka kwa nguvu na kutawanyika kila upande inapogonga ardhi. Ndege inayoingia humo hukutana kwanza na upepo wa mbisho (neno la mabaharia wetu kwa upepo unaovuma kutoka mbele), ambao huiinua; sekunde chache baadaye upepo hugeuka na kuisukuma kutoka nyuma, mbawa zikapoteza nguvu ya kuibeba ndege wakati ardhi iko karibu mno. Kwa kuwa hatari hiyo mara nyingi huja na mvua, rada huiona vizuri.

Lakini je, mbingu zikiwa safi? Uwanja wa Hong Kong, uliofunguliwa mwaka 1998, uko kaskazini mwa kisiwa cha Lantau chenye vilele vinavyopita mita 900. Upepo wa kusini unapovuka milima hiyo, hupita kwa kasi kwenye mabonde na kuzubaa nyuma ya vilele, hivi kwamba ndege inayotua hukatiza mikondo ya kasi na ya polepole ikipokezana ndani ya sekunde chache, bila tone la mvua la kuiashiria rada. Kwa sababu hiyo idara ya hali ya hewa ya huko iliweka laida mwaka 2002, kisha ikaifundisha kufuata njia ileile ambayo ndege huteremkia. Tahadhari hutolewa pale upepo wa mbisho unapobadilika kwa noti 15 au zaidi, yaani takriban kilomita 28 kwa saa.

Msukosuko wa hewa, ule unaoitikisa ndege, hupimwa kwa namna nyingine. Rada hutazama jinsi kasi za matone yaliyomo katika kipande kimoja cha hewa zinavyotofautiana: zikitawanyika sana, hewa hapo imevurugika. Laida nayo hulinganisha kasi za vipande vinavyopakana, na kutokana na tofauti hizo tunakadiria nguvu ya vizingia vya hewa, yaani hewa inayozunguka kama maji ya kimbunga kidogo.

Hata hivyo, ukungu mzito au mvua kubwa hufifisha mwanga wa laida, kwa hiyo siwezi kukubali hoja ya kununua kifaa kimoja na kuacha kingine. Tena vyote hupima mwendo wa kusogea au kwenda mbali tu. Upepo unaokatiza mwale hauleti badiliko lolote la masafa. Ndiyo maana taarifa za marubani waliotangulia kutua bado tunazilinganisha na vipimo vyetu, moja baada ya nyingine.