Kompyuta Ikizima Kwenye Swali la 85: Maelezo kwa Wauguzi Wanaojiandaa na NCLEX-RN

Wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wanaoomba leseni ya Marekani huleta kwenye dawati letu la leseni lalamiko lile lile. Mtahiniwa alikuwa anaendelea vizuri, kompyuta ikazima ghafla kwenye swali la 85, na sasa anataka aandikiwe barua kwamba hakupewa nafasi ya kumaliza. Hakuna barua ya namna hiyo. Alimaliza.

NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani unaofanywa kwenye kompyuta, haina karatasi moja kwa watu wote. Kompyuta humchagulia kila mtahiniwa swali linalofuata kwa kuangalia alivyojibu yaliyotangulia: ukipatia, linakuja gumu zaidi, ukikosea, linakuja jepesi kidogo. Maswali ni kuanzia 85 hadi 150, na muda ni saa 5. Katika yale 85 ya mwanzo, 52 yanajitegemea, 18 yanatokana na visa vitatu vya wagonjwa, maswali 6 kwa kila kisa, na 15 ni ya majaribio yasiyohesabiwa, ambayo huwezi kuyatambua. Mtihani hukatika kompyuta inapofikia uhakika wa asilimia 95 kwamba uwezo wako uko juu au chini ya kiwango cha kufaulu. Aliyekatiwa kwenye 85 basi amefaulu wazi au amefeli wazi, na idadi yenyewe haisemi ni lipi. Aliyefika 150 naye hajafeli kwa kufika huko. Kompyuta imechelewa tu kupata uhakika, na hapo yanatazamwa makadirio ya mwisho ya uwezo wake. Saa 5 zikiisha hujafika swali la 85, umefeli moja kwa moja. Zikiisha baada ya hapo, makadirio ya mwisho ndiyo yanayoamua.

Kwa hiyo usihesabu maswali ukiwa ndani. Angalia saa: kama dakika 2 kwa swali, ukijipa zaidi kidogo kwenye visa. Huwezi kuruka swali wala kulirudia, na mapumziko unayochukua yanakula muda wako.

Jambo la pili linalozua malalamiko ni maswali ya kuchagua majibu yote yanayofaa. Si kweli kwamba ukikosa moja umepoteza swali zima. Kila chaguo sahihi linaleta alama 1, kila chaguo baya linaondoa 1, na jumla haishuki chini ya sifuri. Chukua swali lenye machaguo matano ambamo matatu ni sahihi. Anayeweka tiki kote anapata 3 kutoa 2, yaani 1. Anayechagua mawili tu aliyo na hakika nayo, yote yakawa sahihi, anapata 2. Kutiki kila kitu "kwa usalama" kunawagharimu watu wanaojua kazi yao vizuri kabisa.

Sasa maandalizi yenyewe. Tunadhani mgonjwa unamjua, kwa hiyo hatutakurudisha kwenye fiziolojia. Kinachowaangusha wauguzi wetu kwanza ni lugha ya dawa na vipimo. Mtihani hutumia majina asilia ya dawa, si ya kibiashara, na ni majina ya Kimarekani: paracetamol kule ni acetaminophen, adrenaline ni epinephrine, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine. Sukari ya damu utaikuta kwa mg/dL. Zidisha mmol/L kwa 18, ndipo 3.9 uliyoizoea inakuwa 70. Uzito unaweza kuja kwa ratili. Mtoto wa ratili 33 ana kilo 15, kwa kuwa unagawanya kwa 2.2, dozi ya mg 10 kwa kilo ni mg 150. Anayesahau kugawanya anaandika mg 330, na kwenye wodi halisi huyo mtoto amepewa zaidi ya maradufu.

La pili ni uamuzi, na hapa ndipo tungependa msomaji akae zaidi. Mzee wa miaka 78 anatumia digoxin, dawa ya moyo, na furosemide, dawa ya kuongeza mkojo. Hana hamu ya kula, anatapika, anasema anaona duara la manjano kuzunguka taa. Mapigo ya moyo ni 48 kwa dakika, potasiamu ni 2.9. Saa ya dawa imefika. Utaanza na nini?

Muuguzi aliyezoea kuwa peke yake kwenye zahanati atataka kurekebisha potasiamu. Aliyezoea hospitali kubwa atampigia daktari kwanza. Mwingine atasema apime mapigo tena, kwa sababu amekariri kwamba "tathmini hutangulia". Jibu ni kuizuia dozi ya digoxin. Furosemide imemwaga potasiamu, potasiamu ikishuka digoxin inageuka sumu, na dalili zote ziko mbele yako. Tathmini hutangulia pale taarifa zinapopungua. Hapa zimekamilika, kwa hiyo unatenda. Ukishazuia ndipo unapiga simu na kutaja mapigo, potasiamu na dalili. Kuanzisha potasiamu ya mshipa bila agizo si mamlaka yako katika mtihani huu, hata kama nyumbani umeifanya kwa miaka.

Usimamizi wa huduma, yaani nani anafanya nini na nani aonwe kwanza, ndilo eneo kubwa kuliko yote, asilimia 15 hadi 21 ya maswali. Dawa ni asilimia 13 hadi 19. Hata hivyo watu husoma dawa kwa miezi na kuutengea usimamizi wa huduma siku mbili tu. Tathmini, kumfundisha mgonjwa na kupima matokeo hubaki kwa muuguzi aliyesajiliwa. Msaidizi anaweza kumwogesha, kumtembeza, kumlisha na kumpima joto na mapigo mgonjwa aliyetulia. Kumlisha mgonjwa wa kiharusi ambaye umezaji wake haujapimwa, hapana.

Fanya maswali 50 hadi 75 kwa siku, na kwa kila ulilokosa andika sentensi moja: sikujua, au nilijua nikaamua vibaya? Dawa ya hayo mawili si moja.

Kuhusu taratibu, tafadhali someni kwa makini. Kuna milango miwili: maombi kwa bodi ya uuguzi ya jimbo, na usajili wa dola 200 kwa Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani. Bodi ikikukubali ndipo unatumiwa kwa barua pepe hati ya ruhusa, ATT. Ina tarehe ya mwisho isiyoongezwa. Ikipita, unajisajili na kulipa upya. Kituo cha nje ya Marekani huongeza dola 150 pamoja na kodi. Kuahirisha kunataka saa 24 kamili kabla ya miadi. Nje ya Marekani kitambulisho ni pasipoti tu, na jina lake lifanane na la ATT. Aliyeolewa akabadili jina kwenye pasipoti na kuacha la zamani kwenye usajili anarudishwa mlangoni, na ada imekwenda. Kosa hili hurekebishwa kabla ya siku ya mtihani, si siku yenyewe.

Anayeuza au kununua "maswali yaliyovuja" anavunja ahadi ya siri anayoikubali kabla ya mtihani. Matokeo yanaweza kufutwa na bodi ikamnyima leseni. Na ule ujanja wa kujaribu kujisajili tena ili kuona kama mfumo utakukataa, kisha useme umefaulu, uacheni. Mfumo ukikubali, kadi yako imekatwa dola 200. Matokeo rasmi hutoka kwa bodi ya jimbo peke yake.

Aliyefeli hapewi alama bali ripoti inayoonyesha kila eneo kama yuko juu ya kiwango, karibu nacho au chini yake. Anza na ya chini, kisha yaliyo karibu. Ya juu yaguse tu yasipoe. Lazima zipite siku 45 kabla ya kurudia, baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi, na kila safari ni ada mpya na ATT mpya. Kwa hiyo kabla ya kulipa tena, thibitisha kwa bodi uliyoomba kwamba maombi yako bado yako hai.